Rangi Juu ya Ukuta Mbichi

Kazi niliipata kwa simu ya saa kumi na mbili asubuhi. "Uko na gambuti?" Fundi aliniuliza. Sikuwa nazo. "Basi kuja hivyo hivyo. Lakini kula kwanza, hapa utachoka."

Ilikuwa mwanzoni mwa Mei 2024. Kama ulikuwa Nairobi wakati ule huhitaji kukumbushwa. Mathare na Mukuru watu walikuwa wamepanda juu ya mabati usiku kuokoa roho. Mai Mahiu, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, maji na matope yaliteremka yakazoa nyumba pamoja na watu waliokuwa wamelala ndani. Kufunguliwa kwa shule kulisongezwa mbele. Serikali iliwaamuru wanaoishi kando ya mito wahame, kisha matingatinga yakafuata. Katikati ya hayo yote mimi nikaitwa kutoa maji kwenye besmenti ya jengo la ghorofa sita, upande wa kusini wa mji, si mbali na Mto Ngong.

Najua ukilinganisha na waliopoteza watu wao, besmenti si kitu. Siandiki ili kulinganisha. Naandika kwa sababu nilitoka humo na swali ambalo mihula minne ya falsafa chuoni haikuwahi kunisumbua nalo: je, kufunika kitu ni kusema uongo?

Nitaanza na kazi yenyewe, kwa sababu swali liko ndani ya kazi.

Wengi wetu tunadhani mafuriko yakiingia ndani unaleta pampu, unavuta maji, unapiga deki, umemaliza. Hata mimi nilidhani hivyo. Siku ya kwanza tulikuta maji ya kufika kifuani, meusi, yananuka majitaka na petroli. Fundi hakumruhusu mtu kukanyaga humo hadi stima ikatwe kule kwenye mita kuu. Kisha akaiweka pampu nje, juu kabisa, ukashuka mpira peke yake. Kijana mmoja akauliza mbona tusiiteremshe karibu na maji ndio ivute vizuri. Fundi akamjibu kwamba moshi wa injini ya petroli ukiwa ndani ya chumba kilichofungwa hauna haja ya kukukohoza. Unasikia usingizi tu, unalala, na hauamki.

Halafu akatushangaza. Maji yaliposhuka futi mbili hivi, akazima pampu. Akachora mstari wa penseli ukutani pale maji yalipofikia, akasema twende tukanywe chai. Mwenye jengo alikuwa amesimama juu ya rampu na viatu vyake vizuri, akauliza kama amekuja kutulipa tunywe chai. Fundi akamweleza pole pole. Udongo wa nje nao umejaa maji, na unausukuma ukuta kutoka nje. Maji ya ndani yanausukuma ukuta huo huo kutoka upande wa pili. Ukiyatoa yote mara moja, ukuta unabaki ukisukumwa na upande mmoja peke yake, na unaweza kupasuka au kukuangukia. Na upande ule wa mji ndio wenye udongo mweusi, ule unaofura ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Basi tulivuta kidogo, tukangoja, tukaangalia kama maji yamepanda kupita mstari, tukavuta tena. Siku tatu. Maji yenyewe tuliyaelekeza kwenye mtaro, mtaro unaenda mtoni, na Mto Ngong unapita Mukuru. Hilo nalo ni swali la insha nyingine.

Matope tuliyatoa kwa koleo na wilbaro yakiwa bado mabichi, maana yakikauka yanashika kama zege. Chini ya rampu ya magari kulikuwa na uvungu, kimo chake kama cha meza, ambamo wapangaji walikuwa wakisukuma vitu wasivyotaka kuvitupa wala kuviona: magodoro, makatoni, kitanda cha mtoto. Kwa kuwa mimi ndiye mwembamba, nililala kifudifudi nikaingia na tochi mdomoni, nikawa navuta kimoja kimoja. "Profesa yuko kwa utafiti," Fundi akawaambia wenzangu. Alikuwa amenibandika jina hilo tangu aliposikia nilikuwa chuo. Kila kitu kilichonyonya maji kilitupwa. Kuta tuliziosha kwa sabuni kwanza, kisha kwa Jik iliyozimuliwa kwa maji, na onyo kwamba yeyote atakayeichanganya na asidi ya choo atatuua sote kwa gesi. Plasta ya chini, hadi juu ya alama ya maji, tukaibomoa ili mawe yapate hewa. Feni mbili zikawashwa usiku na mchana.

Siku ya nane ukuta ulionekana mkavu. Niliugusa kwa kiganja, mkavu. Nikamwambia Fundi tumemaliza. Akachukua kipande cha karatasi ya plastiki, ukubwa wa gazeti lililofunguliwa, akakibandika ukutani kwa utepe pande zote nne pasiwe na hewa ya kupenya. "Kuja kesho," akasema. Kesho yake upande wa ndani wa ile plastiki ulikuwa na matone, kama sufuria iliyofunikwa. Ukuta ulikuwa mkavu usoni na mbichi rohoni. Tulibandika plastiki nne, moja kila ukuta wa kile chumba cha kona. Zote zilitoa jasho, lakini ule ukuta wa nyuma, unaopakana na udongo, ulitoa jasho hadi likatiririka.

Sasa niwaeleze kuhusu hicho chumba cha kona. Kilikuwa nyumba ya keateka. Tumwite Baba Neema, kwa jina la binti yake ambalo nimelibadilisha. Aliishi humo na mkewe na mtoto wa miaka sita, bila kulipa kodi, kama sehemu ya mshahara. Usiku wa mafuriko walitoka na nguo za mwilini. Tangu hapo walikuwa wakilala kwenye upenyo wa chini ya ngazi, ghorofa ya chini, na pazia la shuka. Wiki ya kwanza wapangaji waliwaletea chakula na mablanketi. Wiki ya pili wakaanza kulalamika kwa mwenye jengo kwamba nguo za mtoto zinaanikwa kwenye ngazi, wageni wanaona.

Kwa hivyo mwenye jengo akaja na debe mbili za rangi. Rangi nzuri, ile ya mafuta inayong'aa, unaipangusa kwa kitambaa.

"Boss, ukuta bado uko na maji," Fundi akamwambia, akamwonyesha plastiki.

"Mimi nawalipa mpake ama mchunge ukuta?"

Fundi akamwambia rangi ya mafuta itafungia maji ndani, kuvu itaota, rangi itabambuka. Kama ni lazima, basi heri chokaa, ambayo inaacha ukuta upumue, na familia ingoje mwezi mmoja au miwili. Na hasa achimbe shimo la kukusanyia maji na kuziba ukuta kutoka nje, la sivyo mvua ijayo tutaonana tena. Mwenye jengo akasikiliza yote, kisha akasema, "Hawa watu wamelala kwa ngazi wiki mbili. Unataka walale miezi miwili? Pakeni."

Tukapaka. Plasta mpya siku moja, andakoti siku iliyofuata, rangi ya mwisho kesho yake. Kila mtu anayejua mjengo anajua hiyo haraka ni ya nini. Mimi nilipewa ukuta wa nyuma. Niliupaka vizuri sana, nasema bila kujisifu. Jioni Baba Neema akashusha kitanda, mimi nikamshikia upande mmoja. Akasimama mlangoni akatazama. "Aisee. Imekuwa safi kama hoteli."

Nikamwambia, "Ndio mzee, imekuwa safi."

Nilirudi nyumbani na mia saba za siku hiyo na sentensi hiyo moja. Ukiichunguza, haina uongo hata kidogo. Kilikuwa safi. Ungeniweka mbele ya hakimu ningeapa kwamba kilikuwa safi.

Hapa lazima niseme jambo la pili, la sivyo nitakuwa nawapakia rangi na nyinyi. Wakati napaka ule ukuta, mama yangu aliye Kitale aliamini niko chuo, mwaka wa tatu, nasoma. Nilikuwa nimeacha tangu Novemba ya mwaka uliotangulia. Si kwa sababu ya kishujaa yoyote. Ada ilikwama, nikakosa mitihani, nikaona aibu kurudi, nikaanza kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao kwa malipo, hadi programu za kuandika zikaja zikanipokonya hata hiyo. Zingine nilizoandika zilikuwa insha za maadili. Unaweza kucheka, mimi nilicheka. Mama akipiga simu aliuliza, "Masomo?" Nami nilimjibu, "Tunasukuma, Mama." Hiyo nayo haina uongo. Nilikuwa nasukuma. Nilikuwa nasukuma wilbaro.

Nilijiambia namsitiri. Ana presha, ana chama, ana majirani aliowaambia kwamba kijana wake yuko University. Nilitaka kumpa muda, nipate kitu cha kushika kwanza, ndipo nimweleze.

Na hapo ndipo neno lenyewe lilianza kunisumbua, kwa sababu lugha yetu haina msimamo mmoja juu ya kufunika. Kusitiri ni neno jema. Anayekuombea heri husema Mungu akusitiri. Mtu aliyepata nguo, chakula na paa tunasema amepata stara. Mimi nimelelewa kwenye ploti ya milango kumi na bomba moja, na yeyote aliyekulia hapo anajua kwamba bila stara watu hawawezi kuishi pamoja hata wiki. Unasikia kila kitu kupitia mabati, na asubuhi unasalimia kana kwamba ulilala fofofo. Funika kombe mwanaharamu apite. Lakini lugha hiyo hiyo inasema mficha uchi hazai. Inasema mficha maradhi kifo humuumbua. Na ile ambayo kila mwanafunzi wa Kenya ameandika kwenye insha angalau mara moja: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukiyaweka maneno haya pamoja ni kama wazee wawili wanaobishana, na kila mmoja amekaa anakutazama uchague upande.

Chuoni tulifundishwa kwamba Immanuel Kant, katika insha ya mwaka 1797, alishikilia kwamba huna haki ya kusema uongo hata kama muuaji amebisha mlangoni akiuliza rafiki yako amejificha wapi. Darasa zima lilicheka. Nilimwona Kant kama mtu ambaye hajawahi kuishi ploti. Lakini baada ya ule ukuta niligundua kwamba kumcheka ni rahisi kuliko kusema mwenyewe mpaka uko wapi. Kama si kila kifuniko ni dhambi, basi ni kipi?

Jibu la kwanza nililojaribu ni la nia. Kufunika ni sawa kama nia ni njema. Jibu hili lilikufa haraka. Mwenye jengo hakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Ukimsikiliza, alikuwa anatoa familia kwenye ngazi. Wapangaji walitaka ngazi safi. Mimi nilitaka mama asipandwe na presha. Sote tulikuwa na nia nzuri, na ukuta uliendelea kutoa jasho. Nia ni kama ile plastiki ukiiweka mfukoni: haipimi kitu.

Jibu la pili ni la maneno. Ni sawa mradi hujatamka uongo. Hili ndilo nililokuwa nalitumia, na nadhani wengi wetu tunalitumia. "Imekuwa safi." "Tunasukuma." "Niko njiani." Lakini uongo hauishi kwenye sentensi, unaishi kwenye kile unachotaka mwenzako aondoke akiamini. Nilitaka Baba Neema aamini chumba ni kikavu. Nilifanikiwa bila kutamka neno moja la uongo, na ufanisi wangu ndio ulionikera. Mtu anayedanganya kwa maneno ya kweli amejifanyia kazi mara mbili: amemdanganya mwenzake, kisha akajidanganya kwamba hajadanganya.

Jibu la tatu nililipata nikiwa nimelala, naangalia dari la chumba changu. Usiulize nani alifunika, wala alisema nini. Uliza nani analipa gharama ya kifuniko. Jirani anayenyamazia ugomvi wa usiku anafunika aibu ya wale wale wanaofunikwa. Wao ndio wenye siri, na wao ndio wanaofaidi ukimya. Hiyo ni stara. Lakini kama kilichosikika usiku si ugomvi bali mtu anapigwa, ukimya ule ule sasa unamfaidi anayepiga, na anayelipa ni anayepigwa. Jirani hajabadilisha chochote, bado anasalimia vizuri asubuhi, ila stara imegeuka kuwa kitu kingine. Vivyo hivyo chumbani. Aibu ilikuwa ya mwenye jengo, kifua kilikuwa cha Neema. Rangi ilimsitiri mmoja kwa pumzi za mwingine.

Nikaupeleka mzani huo huo kwa mama. Aibu ilikuwa yangu. Pesa za kuifunika zilikuwa zake. Kila muhula alinitumia elfu nne, elfu tano, kwa M-Pesa, na ujumbe wa Mungu akubariki. Sikuwahi kuuliza zinatoka wapi. Nilikuwa nalipia kodi ya nyumba. Sikupenda jibu hilo la tatu hata kidogo.

Lakini subiri, nisijifanye malaika. Kuna hoja moja kubwa dhidi yangu, na aliitoa Fundi mwenyewe nilipomweleza haya tukiwa kazi nyingine. Akaniambia, "Profesa, mimi nilimwambia mwenye nyumba. Nikamwonyesha na plastiki. Yangu ikaisha pale. Ningekataa kupaka, angeita mwingine kabla ya saa sita, na watoto wangu watatu wangekula hiyo heshima yako?" Sina jibu la kumshinda. Kusema ukweli kuna bei, na bei hiyo haigawanywi sawa. Mwenye jengo angeusema ukweli bila kulala njaa hata siku moja. Fundi angeweza kupoteza jina kwa mteja mkubwa. Ukweli wa maskini ni ghali kuliko wa tajiri, na sipendi insha zinazosahau hilo.

Nilichomwambia ni hiki tu. Alimwambia anayelipa. Hakumwambia anayelala. Hao ni watu wawili, na mafundi, waandishi, madaktari, sote tunasahau kwa urahisi kwamba ni wawili. Na mimi sikuhitaji kukataa kazi. Kulikuwa na bei ndogo ambayo ningeweza kuilipa: maneno machache, kwa sauti ya chini, tukiwa tumeshika kitanda, yeye upande ule na mimi upande huu. Sikukosa uwezo. Nilikosa kutaka kuharibu ile sura yake pale mlangoni.

Fundi akafikiri kidogo akasema, "Sasa si uende umwambie."

Nikaenda. Ilikuwa kama wiki tano baadaye, Jumapili. Baba Neema alikuwa anaosha gari la mpangaji. Nikamsaidia kubeba ndoo mbili, tukazungumza kuhusu mpira, kisha nikamwambia kwamba zile kuta zilipakwa zikiwa mbichi, kwamba tulijua, na kwamba nilipaswa kumwambia siku ile.

Akanitazama. "Kijana, unadhani mimi sina pua?"

Alikuwa anajua. Harufu ilianza wiki ya pili. Karibu na mlango rangi ilikuwa imevimba malengelenge, na kwenye kona kulikuwa na madoa meusi kama pilipili manga iliyomwagika. Mkewe alikuwa akiyafuta kwa Jik kila Jumamosi, nayo yalikuwa yakirudi. Nilijisikia mjinga. Nilikuwa nimebeba siri yangu wiki tano kama mtu aliyebeba yai, kumbe mwenye siri ameshaikaanga na kuila.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Nimwambie nani? Nikimwambia boss, atasema basi hama. Nihamie wapi na huu mshahara?" Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananipa hesabu.

Hapo falsafa yangu yote ikayumba. Kama anajua, na hana la kufanya, ukweli wangu umemfaa nini? Labda nimeenda kutua mzigo wangu tu, nimemfanya yeye awe padri wangu siku yake ya mapumziko. Nilikuwa natafuta namna ya kuaga.

Kisha akauliza, kama mtu anayekumbuka jambo, "Kwani ni ukuta upi ulikuwa na maji zaidi?"

"Ule wa nyuma."

Akaacha kuosha gari. "Wa nyuma? Si huu wa mlango?"

Tukaingia ndani. Ukuta wa mlango ndio uliokuwa na malengelenge na madoa, kwa hivyo walikuwa wameuhofia huo. Walikuwa wamesogeza kila kitu mbali nao. Godoro la Neema wakalipeleka upande wa pili, likaegemea ukuta wa nyuma, kwa sababu huo ulikuwa bado unang'aa. Ukuta wangu. Ule niliopaka vizuri sana. Tulipovuta godoro, upande uliogusana na ukuta ulikuwa umelowa, na nyuma yake, chini kabisa, kuvu ilikuwa imeanza kupanda kama ukoka.

Mke wake hakusema neno. Alichukua godoro akalitoa nje juani. Baba Neema na mimi tukahamisha kitanda na godoro hadi katikati ya chumba, mbali na kuta zote, kama mashua. Nikamwonyesha kubandika plastiki ili aweze kupima mwenyewe, nikamwambia mlango uachwe wazi mchana na vitu visiguse ukuta. Hakunishukuru, na sikutarajia. Aliniambia kitu kimoja nikiwa naondoka: "Maji nilijua yako. Nilikuwa sijui yako wapi."

Nimeifikiria sentensi hiyo kuliko chochote nilichosoma chuoni. Tunapoficha ukweli kwa mtu asiye na uwezo, mara nyingi tunajitetea hivi: hata akijua, atafanya nini? Hana pesa, hana pa kwenda, ana presha. Tunadhani ukweli una kazi moja tu, kubadilisha kila kitu, na kama hauwezi, basi heri mtu aachwe na amani yake. Lakini mtu asiyeweza kuhama nyumba bado anaweza kusogeza kitanda. Hiyo nafasi ndogo ni yake. Sisi tunaofunika tunamnyang'anya hata hiyo, kisha tunaiita huruma.

Jioni ile nikampigia mama. Sitaeleza yote tuliyosema. Alinyamaza kwa muda hadi nikaangalia kama simu imekatika. Hakulia, wala presha haikupanda, angalau si mbele yangu. Aliuliza pesa za muhula nilizifanyia nini, nikamwambia kodi na chakula. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayehesabu, "Jumatano nilikuwa nachukua ule mkopo wa pili wa chama. Basi nitawaambia wampe mwenye anangoja."

Sikuwa nimejua kuhusu mkopo wa kwanza.

Sijui kama amenisamehe. Tunaongea. Akiuliza siku hizi haulizi masomo, anauliza, "Umekula?" Ile nyumba ya keateka bado haijazibwa kutoka nje, na mvua zingine zilikuja. Mimi bado ninaandika, na wiki ambazo kuandika hakulipi ninaenda na Fundi. Siwezi kusema nimekuwa mtu wa kukataa kazi. Nimepaka kuta mbichi tena baada ya ile, mbili ninazokumbuka. Lakini natembea na kipande cha plastiki na utepe kwenye begi, na kabla sijafungua debe la rangi huwa nauliza ni nani atakayelala hapa. Kisha namtafuta, namwonyesha matone, na namwambia ni ukuta upi.